Mishipa ya miguu imetoka na mama ana kidonda hakiponi: soksi, sindano, leza au upasuaji?

MsusiWaSinza

Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo yenu maana nimechanganyikiwa kabisa. Mimi ni dada wa miaka 38, watoto watatu, kazi yangu kusuka, niko saluni moja huku Sinza huu mwaka wa 14. Kusuka mnajua wenyewe, mteja akitaka twisti ndogondogo ndefu unasimama saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, unakaa tu wakati wa kula na hapo umekula haraka maana mwingine anasubiri. Mimba ya pili ndo niliona mishipa inaanza kutoka mguu wa kushoto, nikaambiwa ukijifungua itarudi, na kweli ilipungua. Mimba ya tatu ikatoka tena na haijaondoka, sa hivi imejikunjakunja kuanzia paja kwa ndani inashuka mpaka kwenye shavu la mguu. Asubuhi niko sawa, ikifika jioni mguu mzito, unawasha, kifundo kimejaa mpaka kamba ya kiatu inaacha alama, usiku misuli inakaza naamka nimeshika mguu.

Nimeenda sehemu tatu nimepewa majibu matatu. Zahanati wakanipa dawa ya kupunguza maji, nimekojoa wiki nzima mguu uko vilevile. Duka la dawa wakaniuzia soksi ndefu za kubana, nimevaa siku mbili nikazivua, joto la Dar hili na zinanikata juu ya goti. Hospitali moja binafsi dokta kanitazama nimekaa kwenye kiti, dakika tano hazikuisha, akasema huu mshipa unachomolewa, kaandae hela. Hakuna kipimo hata kimoja. Sasa mimi hapo kwenye kuchomolewa ndo usingizi umepotea, mshipa wote huo ukitolewa damu itapita wapi? Si mguu utakufa?

Halafu kuna mama yangu, ana miaka 63, yuko Mbagala, alikuwa mama lishe toka mimi niko darasa la tatu. Yeye miguu yote miwili ina mishipa, na wa kulia ana kidonda juu kidogo ya kifundo upande wa ndani, huu ni mwezi wa nane hakijapona. Tunakiosha na jiki ile ya kufulia nguo, tunavunja kapsuli tunanyunyizia unga, kinakauka, tunafurahi, wiki mbili kinafunguka tena na maji yanatoka mpaka shuka linalowa. Sukari amepimwa mara mbili hana. Majirani wengine wanasema ni matende yanaanza, wengine wanasema kakanyagishwa kitu pale alipokuwa anauzia chakula. Antibayotiki amemeza mpaka tumbo limekataa.

Kwa anayejua au aliyepitia, hii kitu inatibiwa vipi hasa, na nianzie wapi? Hela sina nyingi, nataka nikiitoa iende sehemu sahihi.


Baba_Nuru

Pole sana dada, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mpishi hotelini, jiko la moto na sakafu ya saruji, miaka 11. Mguu wa kulia ulikuwa kama huo wako unaousema, tena wangu ulikuwa umeshaanza kuweka weusi pale juu ya kifundo na ngozi imekuwa ngumu. Nikafanyiwa upasuaji mwaka 2016 huohuo wa kuchomoa, nikuelezee nilivyoona mwenyewe usije ukaogopa kitu usichokijua.

Nilichomwa ganzi ya mgongo, chini sisikii lakini niko macho. Wakachana sehemu ndogo kinenani, wakaufunga mshipa pale unapoingia kwenye mshipa mkubwa wa ndani, halafu wakapitisha waya ndani ya mshipa mpaka karibu na goti wakauvuta kwa chini. Ile mingine ya kwenye shavu la mguu wakaitoa kwa vitundu vidogovidogo, leo ukiniangalia huoni hata kovu. Nikafungwa bendeji mguu mzima, kesho yake wakaniambia tembea. Paja lilikuwa jeusi lote kwa damu iliyovilia, wiki mbili kukaa kwa shida, wiki ya nne nikarudi kazini. Kuna sehemu ndogo kwa ndani ya goko mpaka leo haina hisia vizuri, waliniambia kabla kwamba neva inapita karibu na mshipa inaweza kuguswa.

Uzito uliisha, kukaza usiku kuliisha. Miaka mitano baadae kuna mishipa midogo ikatoka tena pembeni lakini si kama ile, nimeachana nayo. Sijuti hata kidogo. Ila tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi kabla ya kisu nilipimwa na altrasaundi ya mishipa, dokta akachora kabisa kwa kalamu kwenye ngozi wapi panavuja. Huyo aliyekwambia kaandae hela bila kupima usirudi kwake mpaka upimwe.

Na la mwisho, mama asije akapelekwa kuchanjwa. Jirani yangu mmoja alichanjwa chale juu ya mshipa uliovimba ili damu chafu itoke, ilitoka damu nusu ndoo tukakimbia naye hospitali usiku na bajaji.


KijanaWaRufiji

Mi natofautiana kidogo. Bibi yangu alikuwa na miguu kama hiyo, akawa anaumikwa chuku kila mwezi na kukandwa na mafuta ya mnyonyo, amekufa na miaka themanini na kitu anatembea mwenyewe. Hospitali wanawahi kukata tu. Jaribu kwanza tiba za asili dada, kisu kipo hakikimbii.


NesiWaVidonda

Mdogo wangu pole, na mama mfikishie pole. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya upasuaji na vidonda miaka mingi, kwa hiyo vidonda kama cha mama yako nimeviosha mwenyewe kwa mikono yangu. Nitaandika kirefu maana hili swali lako la damu itapita wapi ndo swali zuri kuliko yote, ukilielewa hilo matibabu yote yanaeleweka.

Damu kushuka mguuni inasukumwa na moyo. Kurudi juu hakuna moyo wa pili kule chini, kinachoipandisha ni misuli ya shavu la mguu, kila ukipiga hatua misuli inakamua veini, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na ndani ya veini kuna vali, milango midogo inayofunguka upande mmoja tu, damu ikishapanda hairudi. Ukisimama tuli presha ndani ya veini za kwenye kifundo ni kama milimita 80 mpaka 90 za zebaki. Ukitembea inashuka mpaka chini ya 30. Sasa mtu ambaye vali zimelegea, hata akitembea haishuki inavyotakiwa, damu inapanda inarudi, inapanda inarudi, veini inapanuka, vali zinazofuata nazo zinaachana, na presha hiyo kutwa nzima ndo inaleta uzito, kuvimba, kuwasha, baadae ngozi nyeusi ngumu, na mwisho kidonda. Msusi ndo kabisa, maana umesimama palepale, hutembei, ile pampu ya shavu la mguu haijafanya kazi toka asubuhi. Mimba nayo inachangia, homoni zinalegeza kuta za mishipa na mtoto anakandamiza veini za nyonga. Na kwa kuwa mama yako anayo, kuna kurithi pia.

Sasa damu itapita wapi. Mguu una veini za juu, zile chini ya ngozi, na veini za ndani katikati ya misuli. Za ndani ndo barabara kuu, zinabeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi. Hiyo ndefu ya juu inayosumbua wengi inaitwa safena kubwa, inaanzia kwenye kifundo kwa ndani inapanda mpaka kinenani. Ikishaharibika haipandishi damu tena, inashusha, kwa hiyo ukiifunga hujapoteza njia, umeziba bomba lililokuwa linavuja. Hata wagonjwa wa moyo wanaofanyiwa upasuaji wa kuweka njia mpya za damu kwenye moyo, mara nyingi mshipa unaochukuliwa ni huohuo safena kutoka mguuni, na mguu wanabaki nao wanatembelea.

Ila kuna sharti moja na hapa ndo nakuomba unisikilize. Lazima ijulikane kwanza kwamba barabara kuu ya ndani iko wazi. Kuna watu waliwahi kupata bonge la damu kwenye veini za ndani, pengine baada ya kujifungua na hawakujua, zile za ndani zikaziba, na hizi za juu ndo zimekuwa njia ya pembeni. Huyo ukimfunga za juu unamuumiza. Ndo maana hakuna dawa, sindano, leza wala kisu kabla ya altrasaundi ya dopla ya veini za miguu. Na ipimwe umesimama, usikubali kupimwa umelala tu. Mpimaji anakamua shavu la mguu anaachia, anaangalia damu inarudi chini kwa muda gani, kwenye veini za juu ikirudi zaidi ya nusu sekunde hiyo vali imekufa. Anakwambia ni veini ipi, kuanzia wapi mpaka wapi, ina upana gani. Hela yako ya kwanza iende hapo. Uliza karatasi ya majibu, ni yako, uende nayo kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ndo rufaa nyingi za mishipa zinakoishia hapa Dar, anza hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu yako uandikiwe, kama una bima waulize bima kabla kipi wanalipia.

Ukishapimwa ndo kuna mambo ya kuchagua. Ya kwanza ni kuifunga veini kwa joto kutokea ndani, ama kwa leza ama kwa mawimbi ya redio. Wanaingiza waya mwembamba kwa tundu la sindano huku wanaangalia kwenye altrasaundi, wanazungushia maji ya ganzi kuizunguka veini ili joto lisiunguze ngozi na neva, halafu wanavuta waya taratibu unaichoma veini inanywea na kujifunga. Ile ya mawimbi ya redio inafika nyuzi 120. Hulazwi, unatoka unatembea siku hiyohiyo. Ya pili ni sindano ya povu, dawa inakorogwa na hewa mpaka inakuwa povu, inachomwa ndani ya veini, inaichubua kwa ndani inagandamana. Haina kisu, ni rahisi kidogo, ila veini nene mara nyingi inafunguka tena kwa hiyo mtu anarudia. Inaacha weusi kwenye ngozi kwa miezi, na kwa ngozi zetu unaonekana sana, ujiandae kwa hilo. Ya tatu ni upasuaji kama wa Baba Nuru. Ipo pia gundi, wanaibandika veini kwa ndani, hiyo haihitaji hata ganzi nyingi. Uingereza mwongozo wao wa taifa wa mwaka 2013 uliweka joto kwanza, kama haifai povu, kama halifai ndo upasuaji, na soksi peke yake ni kwa yule ambaye hayo yote hayamfai. Lakini hiyo haimaanishi upasuaji ni mbaya, mikono ikiwa mizuri unatibu vizuri, waulize kliniki ya mishipa wana kipi kati ya hivyo na wamezoea kipi.

Mama sasa. Kidonda juu ya kifundo kwa ndani, kinatoa maji, na mishipa imetoka, hicho kwa maelezo yako kinafanana kabisa na kidonda cha veini. Cha sukari mara nyingi kiko unyayoni au kwenye vidole, cha ateri kuziba, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, kiko kwenye vidole na kinauma vibaya usiku. Kwa kijana ningeuliza pia selimundu, maana wanapata vidonda hapohapo kwenye kifundo. Matende ni ugonjwa mwingine, ule unaziba njia za maji ya limfu, unatokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ni kweli ukanda wetu wa pwani upo na kampeni za kugawa dawa zimewahi kupita mitaani, lakini mguu wa matende mara nyingi unaanza kuvimba mpaka juu ya unyayo na vidole, na haurudi ukilala. Daktari ataona.

Kidonda hakiponi kwa sababu mnatibu juu na presha iko chini yake. Jiki acheni leo, inaua vijidudu na nyama mpya pia. Unga wa kapsuli acheni, unaleta mzio na ngozi inachubuka zaidi. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funikeni na kitambaa safi kisichonata. Antibayotiki ni pale tu kuna usaha, joto, maumivu yameongezeka, homa. Tiba yenyewe ni bendeji za kubana za tabaka, zinafungwa na mtu anayejua, kuanzia kwenye vidole mpaka chini ya goti, na kuifunga veini inayovuja. Mwaka 2018 walichapisha utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 450 wenye vidonda hivi, wote walifungwa bendeji, nusu wakafungwa veini mapema na nusu wakasubirishwa. Wa mapema nusu yao walikuwa wamepona ndani ya siku 56, wengine siku 82. Kwa hiyo asikubali kuambiwa kidonda kipone kwanza ndo tuangalie mishipa.

Kabla ya kumbana lakini, apimwe presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Ateri zikiwa zimeziba halafu ukambana, vidole vinakufa. Uwiano ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 unabana bila wasiwasi, chini ya 0.5 habanwi kabisa. Na kidonda kikikaa muda mrefu sana au kingo zikaanza kuinuka, wakate kinyama kipimwe, maana donda ndugu la miaka linaweza kugeuka saratani.

KijanaWaRufiji mdogo wangu, bibi alikuwa na bahati na Mungu amrehemu. Kukanda mguu taratibu hakuna shida kwa mtu ambaye hana bonge la damu. Chuku juu ya veini iliyovimba hapana, ile ngozi ni nyembamba sana na presha yake nimekutajia hapo juu, ukiitoboa inaruka. Na ikitokea mtu yeyote veini imepasuka, hata kwa kujikwaruza bafuni, mlaze chini, inua mguu juu kuliko kifua, gandamiza kwa kitambaa palepale inapotoka dakika kumi bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya mguu. Watu wanakufa kwa hii wakiwa wamekaa kwenye kiti wanatafuta kamba.


KijanaWaRufiji

Nimekuelewa nesi, asante kwa kunijibu vizuri. Hilo la kulala na kuinua mguu nilikuwa silijui kabisa, nimelituma kwa mama mdogo naye anayo.


DukaLaDawaKkoo

Naongezea upande wa soksi maana nipo duka la dawa Kariakoo na naziuza. Dada zile ulizouziwa nina hakika hukupimwa mguu. Soksi za kubana haziuzwi kwa namba ya kiatu. Unapimwa asubuhi kabla mguu haujavimba, kwa futi ya fundi cherehani, mzunguko wa kifundo pale pembamba, mzunguko wa shavu la mguu pale panene, na urefu kutoka kisigino mpaka chini ya goti. Zinazokata juu ya goti mara nyingi ni kubwa zinashuka au ni fupi zinajikunja, na ikijikunja inageuka kuwa kamba. Kwa kazi yako chukua za chini ya goti, zinatosha watu wengi na joto linavumilika zaidi kuliko za paja. Mbano unaandikwa kwenye boksi, kwa hali kama yako wengi wanaandikiwa milimita 20 mpaka 30 za zebaki. Zile zisizoandikwa mbano wowote ni soksi tu.

Uvae ukiwa bado kitandani kabla hujashuka, uvue usiku. Kama zinagoma kuingia paka poda au tumia glavu za kuoshea vyombo, zinashika vizuri. Fua kwa mkono, anika kivulini, na baada ya miezi minne mpaka sita zimeshalegea hata kama hazijatoboka.

Vidonge vya diosmini na hesperidini, wengi mnavijua kwa jina la Daflon, vinapunguza uzito na kuvimba kwa baadhi ya watu, nimeona wateja wakirudi kushukuru, lakini havirudishi vali wala haviondoi mshipa uliokwisha kutoka. Anayekuuzia kwa kukuahidi mishipa itazama anakudanganya. Na zile krimu za onlaini vilevile.


Mama_Kijitonyama

Mimi nilichomwa sindano ya povu mguu wa kulia mwaka jana mara mbili, ya kwanza nusu ikafunguka. Haiumi sana, ni kama kuungua kidogo. Nimebaki na mstari wa rangi ya kahawia ila unafifia. Nilikuwa natumia vidonge vya majira dokta akanibadilishia kwanza, akasema vile vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda, dada usisahau kumwambia unatumia nini.


MsusiWaSinza

Jamani sina cha kuwalipa. Nesi Mungu akubariki, nimesoma mara tatu na nimemsomea mama kwa simu, amelia kidogo, akasema kumbe si mkosi.

Niwape mrejesho. Nimepimwa dopla Alhamisi, nikasema mimi nataka nipimwe nimesimama, yule kaka akacheka akasema ndivyo tunavyofanya dada. Majibu yameandikwa veini za ndani ziko wazi zote miguu yote. Kushoto safena kubwa inavuja kuanzia kinenani mpaka chini ya goti, damu inarudi zaidi ya sekunde 3, upana milimita 8. Kulia inavuja kidogo tu chini ya goti. Nimepata tarehe ya kliniki ya mishipa wiki ya pili mwezi ujao. Soksi nimepimwa upya za chini ya goti, siku ya sita leo, jioni kifundo hakijai kama zamani. Na pale saluni nimeweka kiti kirefu, nasukia nimekaa kwa nusu saa, nasimama nusu saa, nikisimama nainua visigino mara ishirini, wateja wameshazoea.

Maswali mawili. Hiyo milimita 8 ni nene sana kwa povu? Na mume wangu anataka mtoto wa nne, nitibiwe sasa au nizae kwanza?


NesiWaVidonda

Safi sana mdogo wangu, karatasi hiyo ndo ufunguo. Milimita 8 inayovuja kutoka kinenani, wengi wangependelea joto au upasuaji kwa huo mshipa mkubwa, na povu litumike kwenye ile midogo iliyojikunja. Mwache daktari aamue akiwa na picha mkononi.

La mtoto, kama mnapanga ndani ya miezi michache hii mwambie daktari wazi, wengi watakwambia uzae kwanza uvae soksi kipindi chote cha mimba, halafu urudi kupimwa miezi kadhaa baada ya kujifungua maana baadhi ya mishipa inajirudi. Kama ni baada ya miaka miwili mitatu, hakuna haja ya kuteseka muda wote huo. Mkae na mume wako muongee kabla ya tarehe ya kliniki, aje naye ikiwezekana.

Na mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu likauma na kuwa la moto, usisubiri tarehe. Ukiongezea kukosa pumzi au kifua kuchoma, ni hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane.

Mama umempeleka wapi?


Baba_Nuru

Hongera dada. Ukipangiwa niambie nikueleze vitu vya kubeba, suruali pana ni muhimu kuliko unavyodhani, bendeji ile haiingii kwenye nguo za kubana.


MsusiWaSinza

Mama nimempeleka leo asubuhi hospitali ya rufaa, tulitoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi namba. Wamempima presha ya kifundo na ya mkono, uwiano umetoka 1.0, kwa hiyo wakasema anabanwa. Nesi wa pale akauliza nani alikuwa anamwekea unga, nikasema ni mimi, hakunigombeza, akaniita nione anavyoosha na anavyofunga bendeji kuanzia kwenye vidole. Wamekipima kwa rula, sentimita 4 kwa 3. Wamemwandikia dopla Jumatatu na bendeji arudi Ijumaa kubadilisha.

Amepanda daladala mwenyewe kurudi. Nimepiga picha ya kidonda pamoja na rula, Ijumaa wakifungua nitapiga nyingine niwaletee vipimo.